Shangazi wa Upande wa Pili wa Shuka

Mvua ya upande wetu wa Kericho ina saa zake. Asubuhi jua kali, saa sita mawingu yanapanda kutoka msituni, ikifika saa nane michai yote imeinama kwa maji. Wenzangu waliilaani. Mimi nilikuwa naiombea, hasa Jumamosi. Jumamosi ikinyesha, wazungu wa shamba walishindwa kucheza tenisi. Wakishindwa kucheza tenisi walikaa ndani ya klabu yao wakinuna. Na wakichoka kununa walimwita fundi awashe mashine ya sinema. Hapo ndipo ningemwona Shangazi.

Nikisema Shangazi, usidhani ni dada ya baba yangu. Ni mwigizaji, mzungu wa kwenye picha, na jina lake sikulijua. Sisemi habari za yule binti mwembamba wa nywele nyeupe aliyekuwa akilia tangu mwanzo mpaka mwisho. Huyo alipendwa na kila mtu, mama yangu akiwa wa kwanza, na haki sijui walimpendea nini, maana kazi yake ilikuwa kufuta machozi na kungoja kuolewa. Nasema habari za yule mama mnene kidogo aliyeingia na sufuria, akapakua, akatazama watu, akatoka. Dakika tatu, nne hivi. Leo mpishi, kesho mjakazi, kesho kutwa mwenye nyumba anayedai wapangaji wanyamaze. Nimezeeka sasa, na bado natamani kumwona jinsi mtu aliye mbali anavyotamani chakula cha kwao.

Nitakwambia kwa nini. Mimi ni mashoto. Nilizaliwa hivyo, milimani kule magharibi, kabla baba hajatuleta huku wakati mashamba ya chai yalikuwa bado yanang'olewa visiki. Kwetu mkono wa kushoto ni wa mambo ya chooni. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto umemtukana, na ukimpakulia chakula kwa kushoto, ni heri ungekimwaga chini. Majirani zetu waliotoka ziwani walikuwa hivyo hivyo. Wakipsigis waliotuletea maziwa kwenye vibuyu, hivyo hivyo. Wacha we! Watu waliogombana kwa kila kitu, kuni, maji, mbuzi, lakini kwa mkono wangu walielewana kama ndugu.

Mama alinifunga mkono huo kwa kitambaa kila wakati wa kula, tangu utotoni mpaka nikawa msichana wa kuolewa. Hakuwa mkatili, msimfikirie vibaya. Alinifunga huku machozi yanamlenga. "Mwanangu, nani atakuoa wewe?" aliniuliza. "Mimi nikifa utakula kwa nani?" Nami nilikula kwa kulia, ugali ukinidondokea magotini, na hasira ilikuwa haiishi. Niliitaka mikono yangu yote miwili. Sikuwa na haja nyingine kubwa zaidi ya hiyo duniani.

Shambani mambo yalikuwa mengine. Mchumaji anatumia mikono yote, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na mwenye kushoto kwepesi anajaza kikapu mapema. Nyapara alinisifu mbele ya watu. Karani wa mizani, kijana mpole wa kutoka ziwani, alinitazama nikitua kikapu kwa mkono wangu wa kushoto, akaandika uzito, akamwita anayefuata. Kisha jioni narudi laini, kwenye zile safu za nyumba zetu wafanyakazi, nakuta mama ananingoja na kitambaa.

Sasa sinema. Klabu ya wazungu ilikuwa nyumba ndefu ya bati. Siku ya picha waliziba madirisha kwa magunia na kutundika shuka kubwa katikati ya ukumbi. Wao walikaa upande wa mbele, kwenye viti vya kuegemea, na mashine nyuma yao. Sisi tuliingia kwa mlango wa jikoni tukakaa upande wa pili wa shuka, wengine kwenye mabenchi, wengine sakafuni. Fundi alililowesha shuka kwa maji ili picha ipenye mpaka kwetu. Tuliona kila kitu, ila pamoja na harufu ya vitunguu vya mpishi. Mpaka leo nikikaanga kitunguu huku mvua inapiga bati, moyo unaruka, naweka mwiko chini kwanza.

Picha zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yaliandikwa, yakatokea kwenye shuka, na karani wa mizani, ambaye kwetu ndiye aliyekijua Kiingereza sawasawa, alisimama kando akatusomea kwa Kiswahili. Alisoma polepole, amekunja uso, mara nyingine picha imeshakwenda mbele. Watu walimpigia kelele, "Karani, amka!" Sisi tulidhani Kiingereza cha sinema ni kigumu.

Siku ya kwanza nilipomwona Shangazi ilikuwa kwenye picha ya nyumba kubwa. Meza ndefu, wazee wenye masharubu, yule binti amekaa mwisho analia. Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja amefunga aproni, amebeba bakuli la supu. Akaliweka. Akashika upawa. Kwa kushoto!

Niliruka nikasimama. "Mama! Ona mkono wake!"

Mama akanifinya paja. Lakini nilikuwa nimeshaona. Shangazi akampakulia mkubwa wa meza, upawa umejaa, tone halikuanguka, na mzee akala. Hakushtuka wala hakukunja uso. Akafuta masharubu, akaomba tena.

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Watu wakaanza kuona kwamba hata wanaume wa kwenye picha walivua kofia kwa kushoto, na kuandika barua kwa kushoto. "Hawa hawana adabu," akasema mzee mmoja wa kiwandani. "Lakini bwana meneja anatumia kulia, nimemwona kwa macho yangu," akajibu mwingine. Basi wote wakamgeukia karani, maana ndiye msomi. Nakumbuka alinitazama, mimi niliyekuwa bado nimesimama katikati ya watu waliokaa, nacheka kama mwehu. Kisha akasema, "Wazungu wa sinema ni wa nchi nyingine. Kule kwao mkono mkubwa ni wa kushoto."

Karani amesema. Nani angebisha?

Tangu hapo sikukosa picha hata moja. Kasha la sinema lilishuka kwenye reli, likaja kwa lori kupitia Chepseon, likikwama kwenye matope nililia kabisa. Picha hazikuja kwa mpangilio. Juma hili Shangazi ni mzee, nywele zimepakwa unga, anatembea kwa mkongojo. Picha inayofuata ni kijana, ana kiuno, anatania mleta maziwa. Nikawa namjua maisha yake kwa kurukaruka, mbele na nyuma, na nilijaribu kuyapanga kichwani wakati nachuma. Nilijua ni lini alianza kunenepa. Nilijua jino lake la pembeni liling'oka kati ya picha ya muuguzi na ile ya stesheni. Nilimwuliza karani jina lake, akasema halikuandikwa. Waliandikwa wale wa mbele tu. Nilikasirika siku mbili.

Watu hawakuniamini nikisema kwamba yeye ndiye fundi wa wote. Yule binti alilia kwa uso mzima, mikono angani. Shangazi hakulia kamwe. Kuna picha moja aliletewa barua akiwa jikoni, na karani akatusomea kwamba mwanawe amefia baharini. Shangazi akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akarudi kumenya viazi. Alimenya tu, ila polepole zaidi kuliko mwanzo. Hicho kilikuwa kilio chake chote.

"Huyo mjakazi hana hata uchungu na mwanawe," mama alisema tukirudi laini.

"Mama, hukuona viazi?"

"Niangalie viazi vya nini? Viazi si viko nyumbani?"

Ndivyo tulivyobishana, miezi na miezi, kila mtu na mtu wake. Mama aliamini sinema kuliko mimi. Yule binti alipoolewa mwishoni, mama alipiga vigelegele na kesho yake akamwombea kanisani.

Nami nilikuwa naenda mtoni peke yangu na makopo mawili, namimina maji kutoka hili kwenda lile kwa kushoto, mgongo umenyooka, shingo imetulia. Shangazi alikuwa na tabia ya kumtazama mtu usoni kwanza kabla ya kumpakulia, kama anayemwuliza una njaa kweli. Hiyo nayo nilijifunza. Nilitazama mawe ya mtoni usoni, mawe yakakubali.

Halafu wakaja wageni. Watu wa kwetu waliokuwa wamehamia upande wa Kaplong, na kijana wao alikuwa ameniona sokoni. Walikuja baba yake, mjomba wake, na dada ya baba yake, mama mrefu mwenye leso mpya. Mama alipaka nyumba udongo upya. Asubuhi hiyo hakunifunga, maana wageni wangekiona kitambaa. Alinishika mabega tu. "Leo tu, mwanangu. Leo tu tumia kulia. Nakuomba."

Nikasema ndiyo, mama. Nilikusudia kabisa.

Lakini nilipoingia na birika, watu wakaacha kuongea, wote macho kwangu. Birika lilikuwa zito na la moto. Nikajua nikilishika kwa kulia litatikisika nitawaunguza. Na kusema kweli si hilo tu. Nilikuwa nimechoka. Nikamfikiria yeye, mlango unafunguka, aproni, mgongo umenyooka. Nikamtazama baba mtu usoni. Nikammiminia kwa kushoto. Chai ikaingia kikombeni vizuri, haikumwagika hata kidogo.

Nilipofika kwa yule mama mrefu, alifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Sisi tumeshiba," akasema.

Hawakuwa wamekula chochote. Waliondoka kuku akiwa bado jikoni anachemka, na mama akawasindikiza mpaka njiani akiwaomba radhi, wao hawageuki. Aliporudi alikaa kwenye kizingiti. Nilimletea maji hakuyapokea. "Kama ni yule mjakazi wako wa kwenye shuka aliyekufundisha kuniaibisha," akasema, "basi nenda ukaolewe naye." Jioni hiyo alinifunga tena, mtu mzima mimi, na safari hii hakulengwa na machozi. Hatukusemezana juma baada ya juma, na nakwambia nilimtamani mama yangu naye yuko hatua tatu kutoka kwangu.

Nikaanza kuitamani ile nchi. Nchi ya Shangazi, ambako mtu anamimina kwa kushoto na wazee wanaomba tena. Sikuwa na akili nyingi, lakini nilikuwa na ukaidi. Nikasikia memsabu wa meneja anatafuta yaya, na kwamba wakienda likizo kwao kwa meli huenda wakamchukua yaya awasaidie. Nikaacha chai nikaenda kulea mtoto. Niliwaza, wazungu wana njia zao, bila shaka nchi yao na ya Shangazi zinapakana. Usinicheke. Wewe ulikuwa unajua nini katika umri ule?

Ndivyo nilivyofika upande wa mbele wa shuka. Mvua ilishuka Jumamosi moja, mashine ikawashwa, na memsabu akanionyesha nikae sakafuni karibu na kiti chake, mtoto mapajani. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Picha huku mbele ilikuwa kali, nyeupe, kila unywele unaonekana. Tena ilikuwa ile ile ya nyumba kubwa! Nilijua kila kitu: hapa binti analia, hapa wazee wanakaa, sasa mlango wa kulia utafunguka.

Ukafunguka wa kushoto.

Akaingia Shangazi, aproni ile ile, bakuli lile lile. Akashika upawa kwa mkono wa kulia. Akampakulia mzee kwa kulia, na yule mzee akafuta masharubu kwa kulia, na nyumba yote ilikuwa imegeuka, dirisha huku, saa ya ukutani kule. Nilikodoa macho. Nikatazama shuka, nikatazama mashine iliyokuwa nyuma yetu, nikatazama tena shuka. Nikaelewa. Sisi tulikuwa tumekaa mgongoni mwa picha miaka yote hiyo. Hakukuwa na nchi yoyote. Alikuwa mtu wa kulia kama wote, na mimi nilikuwa peke yangu.

Nililia, na si kama Shangazi. Nililia kama yule binti. Kisha nikakumbuka kitu kilichonikausha machozi: karani anasoma. Mtu anayesoma aliona herufi zimegeuka. Kumbe!

Mtoto alikuwa amelala. Nikamlaza kwenye kiti kitupu kando ya mama yake, memsabu akaninong'oneza niketi chini, nikapita. Kazi ya uyaya iliishia hapo. Nikatoka nje kwenye mvua, nikazunguka klabu, nikaingia kwa mlango wa jikoni nikiwa nimelowa, nikaenda moja kwa moja mpaka pale karani alipokuwa amesimama kando ya shuka.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakuniuliza nasema habari gani. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Maneno yanakuja kinyumenyume, nayageuza kichwani ndiyo nasoma. Ndiyo maana nachelewa."

"Ukaniacha nikaaibike mbele ya wageni! Mama yangu hasemi nami!"

Watu wakatutusi kwamba tunawazibia. Yeye akainamisha kichwa. "Ulikuwa umesimama unacheka," akasema. "Sikuwahi kukuona ukicheka. Ningesemaje?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumtupia, mimi sikosi maneno. Lakini niligeuka kutazama shuka, na alikuwapo. Kwenye picha hiyo anapakua mara mbili, mwanzo na karibu na mwisho, na hii ilikuwa ya pili. Nilijua sasa kwamba ni mgongo wa picha tu na maji. Hata hivyo alishika upawa kwa kushoto, akamtazama mtu usoni, akapakua, na nikampenda vile vile, pengine zaidi. Mama yangu alikuwa kwenye benchi la pili, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, anamtafuta yule binti yake wa nywele nyeupe.

Maandishi yakatokea. Yalikuwa maneno mawili, hata mimi nisiyejua kusoma niliyaona ni mawili. Mara ya kwanza tulipoiona picha ile, karani hapo alisema, "Chakula tayari." Safari hii alivuta pumzi, akasoma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mpaka wazungu upande wa pili wakauliza kuna nini:

"Anasema: hapa mezani kwangu, mtu atakula kwa mkono aliopewa na Mungu. Asiyetaka, mlango ule pale."

"Eeh!" wakasema watu wa mabenchi. "Mama amewapasha!" Mzee wa kiwandani akapiga goti lake kwa kofi. Nikamtazama mama yangu. Aliendelea kutazama mbele, ila mdomo alikuwa ameufunga.

Karani alihamishwa mwaka uliofuata kwenda shamba la upande wa Sotik, na nilichelewa kujua kwamba ningependa kusimama karibu naye siku nyingine nyingi. Shangazi naye hakurudi. Wazungu walileta mashine ya sauti, na mahali pa shuka wakapigilia ubao mkubwa uliopakwa chokaa, na nyuma ya ubao hakuna kinachoonekana. Nimeuliza watu waliosafiri mpaka Nairobi kama wamewahi kumwona, mama mnene kidogo, jino la pembeni halipo. Wananiambia kuhusu wale wa mbele.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya mvua, nilipokaa kula, nilimnyooshea mama mkono anifunge kama kawaida. Hakuushika. Aliniwekea bakuli la uji upande wa kushoto, akachukua kisu chake, akatoka nje kukata mboga.